Mpingo uliopinda ni wa nani?

*Wasanii wa pwani ya Kusini wamepokea maumbo yao kutoka kwenye mti na matumbawe. Soko la mbao linalipia unyoofu, na miti iliyojikunja haina bei wala mtetezi.*

Gogo la mpingo likishaangushwa katika msitu wa kijiji wilayani Kilwa, hukaguliwa kwa jicho la mtu ambaye hayupo. Mtu huyo yuko Ulaya au Asia, anatengeneza klarineti na obo, na anachotaka ni kipande kifupi kilichonyooka, kisicho na ufa, fundo wala doa. Mpingo hauoti hivyo kwa hiari yake. Shina lake lina mikunjo na mabonde, hutoa matawi kutoka chini, hujisokota, na moto wa kiangazi ukirudi mwaka baada ya mwaka hutoboa kiini. Miti inayomfaa mnunuzi huyo ni michache, na hata gogo lililochaguliwa kwa uangalifu hutoa vipande vya kiwango chake visivyofika sehemu moja ya tano ya ujazo wake. Kinachobaki ni vumbi, mapande, na miti mizima iliyoachwa imesimama kwa kosa la kupinda.

Mchonga vinyago huyatazama mabaki hayohayo kwa macho mengine. Panda ya tawi kwake ni mabega, fundo ni goti au jicho, na tundu lililochimbwa na moto ni tumbo au kinywa kilicho wazi. Kilichomfukuza mnunuzi wa klarineti ndicho kinachompa yeye pa kuanzia. Makala haya yanatetea jambo moja: sanaa kubwa ya pwani ya Kilwa na Lindi haikuiga maumbo ya asili kama mchoraji anavyonakili ua lililo mbele yake, bali iliyapokea kutoka kwenye malighafi yenyewe. Kama hivyo ndivyo, basi anayeamua mti upi ukatwe, upi uachwe na upi upewe bei anaamua pia ni vinyago vya aina gani vitakuwapo miaka hamsini ijayo. Maofisa wa misitu hawajioni kuwa wasimamizi wa sanaa, na wasanii nao hawaalikwi kwenye vikao vya uvunaji. Pande zote mbili zinapoteza.

Mkono uliovunjika

Tuanze na mti wenyewe. Mita moja ya ujazo ya kiini cha mpingo ina uzito wa kilo 1,200 na zaidi, kwa hiyo kipande chake kikitupwa majini huzama. Nje kuna ganda jembamba la mti mweupe unaoelekea manjano. Ndani ni weusi wenye dalili ya zambarau. Tezo, patasi na tupa hupata shida kuuingia, na unachukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Mti wa namna hii haumpi fundi uhuru anaoupata mfinyanzi. Mkono mwembamba ukichongwa kwa kuzikata nyuzi za mti utavunjika kwa pigo dogo tu. Ukichongwa kwa kulifuata tawi jinsi lilivyojikunja, nyuzi zitapita ndani yake kutoka begani hadi vidoleni, nao utadumu. Kwa hiyo kufuata umbo la mti si suala la mahaba kwa maumbile peke yake. Ni hesabu ya fundi asiyetaka kazi ya wiki nzima imvunjikie mkononi siku ya mwisho.

Ndiyo maana kisa cha kuzaliwa kwa mtindo wa shetani, hata tukikubali kwamba kimepambwa kwa kusimuliwa mara nyingi, kinaaminika kiufundi. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1950 Samaki Likankoa, mchongaji wa Kimakonde aliyeuza kazi zake kwa mfanyabiashara Mohamed Peera mjini Dar es Salaam, alikuwa akichonga sanamu ya mtu wa kawaida, mkono ukavunjika. Hakulitupa gogo. Aliliacha limwongoze, akatoa kiumbe kisicho binadamu, chenye viungo vinavyoota mahali pasipotarajiwa. Peera akakinunua na kutaka vingine. Kutoka hapo lilizuka kundi zima la mashetani: wenye jicho moja, wenye mguu mmoja, waliojikunja hadi kichwa kikakutana na kisigino. Ukiwatazama kwa makini, wengi wao bado wana mkao wa tawi.

> Kilichomfukuza mnunuzi wa klarineti ndicho kinachompa mchongaji pa kuanzia.

Mitindo mingine nayo inabeba alama ya mti. Nguzo ya watu wanaobebana, inayoitwa ujamaa na ambayo mara nyingi huhusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, bado ni shina: duara lake halijavunjwa, watu wamepangwa kulizunguka kutoka mizizini hadi kileleni. Mtindo wa mawingu ulikwenda mbali zaidi, ukaacha kabisa uso na kiungo, ukabakiza mikunjo na uwazi. Kuna ujasiri wa kupendeza katika kuchonga wingu kwa mti unaozama majini, na sijui sanaa nyingine iliyothubutu kiasi hicho.

Pwani ya Lindi ina sehemu yake katika historia hii kupitia George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 Kikwetu, nje kidogo ya mji wa Lindi, mahali ambapo wasafiri wa leo wanapajua kwa uwanja wa ndege. Ukanda huo ulikuwa wa mashamba ya katani, na mashamba ya katani ndiyo yaliyowavuta Wamakonde wengi kutoka ng'ambo ya Ruvuma na kuwasambaza pwani nzima. Lilanga alianza kwa kuchonga. Baadaye alihamia Dar es Salaam na kuingia Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972, na huko akageukia batiki, chapa na hatimaye picha za rangi kali zilizomtangaza duniani hadi kifo chake mwaka 2005. Ushahidi wangu uko hapa. Mbao bapa haina panda wala fundo, na rangi huenda popote brashi inapotaka. Hata hivyo mashetani ya Lilanga yaliyochorwa yana vidole viwili vitatu vilivyonenepa kama vichipukizi, midomo iliyochomoza, matumbo yaliyovimba upande mmoja, na miguu inayoungana na miguu ya jirani. Mti uliondoka, umbo lake likabaki mkononi mwa msanii.

Edward Said Tingatinga, Mtanzania mwingine wa Kusini, mzaliwa wa Tunduru, alifanya kinyume chake. Alipochora chui na ndege kwenye mbao laini kabla ya kifo chake mwaka 1972, asili ilikuwa mada, na ubao ulimpa pembe nne tu. Njia zote mbili ni halali. Ila msitu ukitoweka, mrithi wa Tingatinga anaweza kuendelea kuchora chui kwa kumbukumbu. Mrithi wa Likankoa hana pa kuanzia.

Nyumba za mifupa ya bahari

Huenda msomaji akasema haya ni mambo ya Wamakonde, tena ya juzi. Basi na avuke kwenda Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 au 12, na kasri la Husuni Kubwa linalohusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa mwanzoni mwa karne ya 14, yamejengwa kwa matumbawe. Mafundi walitumia aina mbili. Kuta zilijengwa kwa jiwe la miamba ya zamani, lililochimbwa nchi kavu, gumu na lenye mashimo. Lakini mihrabu, fremu za milango na vidaka vilichongwa kutoka matumbawe yaliyokatwa baharini yakiwa bado hai. Jiwe hilo likiwa bichi ni laini na hupokea patasi kwa urahisi. Likikaa hewani hukauka na kuwa gumu. Fundi hakuwa na muda wa kusitasita. Bahari ilimpa jiwe, ikampa na saa ya kulifanyia kazi.

Mikoko nayo ilitoa amri zake. Boriti ya mkoko inaweza kubeba dari zito la mawe na chokaa kwa umbali usiozidi mita tatu hivi, na kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba za mawe za pwani yote ya Waswahili ni virefu na vyembamba. Mafundi wa Kilwa walipotaka upana zaidi iliwabidi waiache boriti na kujifunza kuba na matao, na hawakufaulu kila mara: paa la sehemu iliyopanuliwa ya Msikiti Mkuu lilianguka, likaja kujengwa upya katika karne ya 15 juu ya nguzo za pembe nane. Chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Kwa kipimo hiki mji mzima ulikuwa umejengwa kwa viumbe: matumbawe ni mifupa ya wanyama wadogo wa baharini, na boriti ni mti unaoota kwenye maji chumvi.

Linganisha na Ulaya. Kati ya mwaka 1899 na 1904 Mjerumani Ernst Haeckel alichapisha michoro ya viumbe vya asili, vingi vya baharini, iliyowachangamsha wasanifu wa wakati wake. Mfaransa René Binet alitumia umbo la viumbe vidogo ambavyo Haeckel alikuwa amevichunguza kubuni lango la Maonesho ya Paris ya mwaka 1900. Ulaya ilisifiwa, kwa haki, kwa kuileta bahari kwenye lango. Karibu miaka 600 kabla yake, Kilwa ilikuwa inapita kwenye milango iliyochongwa kutoka kwenye mwili wa bahari yenyewe. Tofauti ni kwamba Binet alichukua umbo akaacha kiumbe, ilhali fundi wa Kilwa alichukua kiumbe na kukubali mipaka yake.

Hapa pana pingamizi la kweli. Mapambo ya Kilwa ni ya kijiometri: misuko ya kamba, pembe zinazofuatana, miraba. Hakuna samaki wala jani la kutambulika, na sehemu ya michoro hiyo ilisafiri na majahazi kutoka bandari za Uislamu za ng'ambo. Nakubali. Lakini dini ilimzuia fundi kuchora kiumbe, haikumzuia kushauriana na jiwe. Ruwaza ingeweza kutoka Ghuba. Kina cha mchongo, ukubwa wa kipande na upana wa chumba viliamuliwa na mwamba na mkoko wa hapahapa.

Je, mchongaji wa kweli ni soko?

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanaosema kwamba shetani ni bidhaa ya watalii. Wanatukumbusha kuwa Wamakonde wa zamani walichonga vinyago vya mapiko kwa miti myepesi, maana vilivaliwa kichwani na mchezaji anayeruka, na kwamba mpingo mweusi, mzito na wa kung'aa ulipata umaarufu kwa sababu mnunuzi Mzungu aliupenda. Likankoa angeendelea kuchonga mashetani kama Peera hangelipa? Labda sivyo. Hata hivyo hoja hii inathibitisha nusu tu ya inachodai. Soko liliomba kitu cha ajabu, ila halikueleza kitakavyokuwa. Tena vinyago vya mapiko, vyenye nywele, chale na ndonya za mdomoni zilizowekwa kwa uhalisia wa kushangaza, vinaonyesha kuwa wachongaji hao walijua kuiga uso wa mtu vizuri kabisa. Kupindika kwa shetani hakukutokana na upungufu wa ustadi. Kulitokana na kubadili mti: kutoka ule unaotii kila pigo kwenda ule unaojibu.

Wapo pia wanaosema kwamba kipaji kiko kichwani mwa msanii, na gogo lolote litamfaa. Wangeweza kumtaja mchongaji Mwingereza Henry Moore, aliyekusanya mifupa, kokoto na makombe, akayatazama, kisha akamimina shaba katika maumbo aliyojifunza humo. Lakini mfano huo unawageuka. Moore mwenyewe, akiwa na shaba inayokubali umbo lolote, alihitaji mfupa mkononi ili aanze. Mchongaji wa mpingo ana malighafi na mwalimu katika kipande kimoja. Ukimpa vipande vilivyonyooka peke yake atachonga vitu vilivyonyooka: Mmasai mwenye mkuki, twiga, kijiko cha kachumbari. Maduka ya vinyago yamejaa twiga hao, na si kwa sababu vipaji vimekwisha.

Ufuta, moto na zumari za mbali

Nani basi anagombea mpingo wa Kilwa? Mchongaji ndiye mdogo kuliko wote. Mkulima wa ufuta anafyeka msitu kwa sababu ufuta ndio fedha ya haraka ya mkoa wa Lindi, na huwezi kumlaumu mtu kwa kutaka ada ya shule. Wafugaji waliofika Kusini baada ya kuondolewa bonde la Usangu mnamo 2006 na 2007 wanahitaji malisho. Mchoma mkaa hachagui sana. Na kuna viwanda vya ala za muziki, ambavyo vinachukua miti michache lakini iliyo bora, na kulipa vizuri kuliko wengine wote.

Vijiji navyo vimepata nguvu ambayo havikuwa nayo zamani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi, kuandika mpango wake wa uvunaji, kuuza na kufaidi mapato. Shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative, lenye makao Kilwa Masoko, lilisaidia vijiji kama Kikole na Kisangi kuingia katika mfumo huo, na mwaka 2009 likapata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, FSC, kwa ajili ya misitu hiyo, cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Ni mafanikio makubwa, na kila anayependa sanaa anapaswa kuyatetea, kwa sababu msitu usio na mwenyewe huwaka moto na kuisha.

Ila mfumo huo umeegemea gogo linaloweza kupimwa kwa mita za ujazo na kusafirishwa hadi kwenye msumeno. Panda yenye uzito wa kilo ishirini, iliyooza katikati na kuzungukwa na mti mweusi usio na dosari, haiingii vizuri kwenye jedwali la vipimo. Mnunuzi mkubwa haitaki. Mchonga vinyago anaitaka, lakini kwa mtu anayehitaji vipande vitano, safari ya kibali cha kuvuna na cha kusafirisha hugharimu kuliko mti wenyewe. Matokeo yake ni rahisi kuyatabiri: mti wa vinyago husakwa kwa njia za panya, kijiji hakipati kitu, na msanii anaitwa mhalifu.

> Mchongaji wa mpingo ana malighafi na mwalimu katika kipande kimoja.

Uzito wa kilo kumi

Hata sheria za kimataifa zinaegemea upande uleule, ingawa si kwa nia mbaya. Mwaka 2016, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliofanyika Johannesburg uliweka karibu jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo umo, katika Kiambatisho cha Pili, ambacho hudhibiti biashara kwa vibali, na masharti yakaanza Januari 2017. Watengenezaji na wapiga ala walilalamika kwa sauti iliyopangika vizuri. Mkutano wa 2019 mjini Geneva ukawasikia: ala zilizokamilika, vipuri na vifaa vyake vikaachiliwa, kwa uzito wowote. Bidhaa nyingine zilizokamilika, vinyago vikiwamo, zimeachiliwa pale tu ambapo uzito wa mti hauzidi kilo kumi kwa mzigo mmoja.

Kwa mti mwepesi kilo kumi ni kitu kikubwa. Kwa mpingo ni lita nane hivi, yaani kipande chenye kipenyo cha sentimeta 20 na urefu wa sentimeta 25. Twiga wa mkobani anapita bila swali. Nguzo ya ujamaa yenye kimo cha mtu inahitaji kibali. Hivyo kanuni iliyowekwa kuulinda mti inaisukuma sanaa kwenye udogo na urahisi, wakati okestra ya Ulaya inaweza kubeba klarineti zake zote kwa amani. Sidai kwamba kikomo kifutwe. Biashara ya magogo inajua kujificha ndani ya neno "sanaa", na kipande kilichopigwa patasi mara mbili kinaweza kuitwa kinyago forodhani. Nadai tu kwamba wapiga ala walipata walichotaka kwa sababu walikuwa na wa kuwasemea mezani.

Kipengele kinachokosekana

Ndani ya nchi mambo ni mepesi zaidi kurekebisha. Kijiji kinaweza kutenga katika mpango wake kundi la tatu kati ya mti wa kuvuna na mti wa kuacha: matawi, vichwa vya magogo, mashina yaliyoungua na miti iliyoanguka, vyote viuzwe kwa kilo kwa wachongaji waliosajiliwa, kila kipande kikipigwa nyundo ya alama kabla hakijatoka msituni. Mhifadhi atauliza kama huu si mlango wa kukata miti michanga kwa kisingizio cha matawi. Swali ni la haki, na jibu lake ni kuanza na mabaki ya miti ambayo tayari imevunwa kihalali, kwa sababu kisiki chake kina namba na kinaweza kufuatiliwa. Atauliza pia kama miti iliyopinda haihitajiki kwa mbegu na kivuli. Inahitajika, kwa hiyo iliyosimama na yenye afya ibaki ilipo. Mchongaji hahitaji misitu mingi. Udogo wa matumizi yake, ambao hutajwa ili apuuzwe, ndio unaofanya ombi lake lisiwe na gharama.

Kwa upande wa matumbawe, mlango wa kuendelea kuyachonga umefungwa na ni vizuri ubaki hivyo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa kati ya maeneo yaliyo hatarini mwaka 2004 na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya ukarabati. Kuta zinaweza kuzibwa kwa jiwe la nchi kavu na chokaa. Fremu ya mlango iliyochongwa kwa tumbawe hai ikimong'onyoka, hakuna mtu mwenye akili atakayekata mwamba hai leo ili kuirudisha. Ufundi huo umebaki kwenye kuta peke yake.

Mpingo haujafika huko. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, linauweka katika kundi la miti inayokaribia hatari, si ile inayotoweka, na katika misitu ya vijiji vya Kilwa bado upo wa kutosha kupangiwa. Mpango wa uvunaji wa kijiji hauandikwi Geneva wala Dodoma. Unajadiliwa na kamati ya maliasili na kupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, ambao una mamlaka ya kuongeza kipengele hicho cha kundi la tatu katika kikao chake kijacho.